Sura ya 6: Mhenga katika Madaftari ya Sensa na Ndoa

Tarehe 1 Julai 1837 serikali ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo katika Uingereza na Wales. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya makanisa, na ubora wake ulitegemea bidii ya kasisi na ukavu wa sanduku alimotunzia daftari lake. Miaka minne baadaye, tarehe 6 Juni 1841, ikafanyika sensa ya tano. Zile nne zilizotangulia, za 1801, 1811, 1821 na 1831, kwa sehemu kubwa zilihesabu vichwa tu. Hii ya 1841 ilitaka jina la kila mtu nchini. Kuanzia hapo mfua nguo, mchimba makaa na kibarua wa shambani, watu ambao hawakuacha wosia wala barua, wanaanza kuonekana katika maandishi, kila mmoja kwa jina lake, angalau mara moja katika kila miaka kumi.

Nchi chache zina mfululizo wa nyaraka za namna hii unaofika mbali hivyo, na ndiyo sababu Uingereza na Wales hufaa kuwa shule ya kazi ya nasaba hata kwa mtu ambaye mababu zake hawakukanyaga huko. Anayeielewa mipaka ya cheti cha ndoa cha 1856 hatakosea sana atakapolifungua daftari la misheni ya Bagamoyo.

Sensa na rejista ya ndoa zinajibu maswali mawili tofauti. Sensa inaonyesha nani alilala nyumba gani usiku mmoja. Haisemi alifikaje hapo wala wazazi wake ni nani, isipokuwa kama bado anaishi nao. Rejista ya ndoa ndiyo inayomtoa mtu katika nyumba aliyozaliwa na kumwingiza katika nyumba aliyoianzisha, tena katika mstari mmoja, pamoja na jina la baba yake. Mtafiti anayetegemea sensa peke yake anaweza kufuatilia kwa miaka mingi maisha ya mtu asiye wake, mwenye jina lilelile na umri uleule. Kosa hilo ndilo linaloharibu miti mingi ya ukoo inayosambazwa leo kwenye intaneti.

Jinsi sensa ilivyoandikwa

Siku chache kabla ya siku ya kuhesabu, karani wa sensa alipita mlango kwa mlango akigawa fomu. Mkuu wa kaya alitakiwa kumwandika kila mtu aliyelala humo usiku wa Jumapili iliyotajwa. Asiyejua kuandika alimsubiri karani, au alimwita jirani. Jumatatu karani alirudi kuzikusanya, kisha akazinakili katika daftari lake, mtaa baada ya mtaa. Fomu zenyewe ziliteketezwa baadaye, kwa hiyo kinachosomwa leo kwa sensa za 1841 hadi 1901 ni mwandiko wa karani, pamoja na makosa aliyoyafanya akinakili usiku kwa taa. Sensa ya 1911 ndiyo ya kwanza ambayo fomu za kaya zenyewe zimehifadhiwa kwa nchi nzima. Humo mjukuu anaweza kuona mwandiko wa babu yake na sahihi yake.

Tarehe zenyewe zina umuhimu kuliko wengi wanavyodhani: 6 Juni 1841, 30 Machi 1851, 7 Aprili 1861, 2 Aprili 1871, 3 Aprili 1881, 5 Aprili 1891, 31 Machi 1901 na 2 Aprili 1911. Mtu aliyezaliwa tarehe 4 Aprili 1831, akisema kweli kila mara, ataonekana na miaka 19 katika sensa ya 1851, 30 katika ile ya 1861, 39 mwaka 1871, 49 mwaka 1881 na 60 mwaka 1891. Mtafiti asiyeijua kalenda hii atasema hawa ni watu wawili, kumbe ni mmoja ambaye siku yake ya kuzaliwa ilidondoka upande huu au ule wa usiku wa sensa.

Sensa ya 1841 inahitaji tahadhari ya pekee. Makarani waliagizwa kuandika umri kamili wa watoto wa chini ya miaka 15, na kuushusha umri wa wakubwa hadi kwenye tano la karibu: wa miaka 29 akaandikwa 25, wa 44 akaandikwa 40. Si wote waliotii, lakini wengi walitii. Mahali pa kuzaliwa palijibiwa kwa ndiyo au hapana tu: je, amezaliwa katika kaunti hii? Waliotoka Scotland, Ireland au nchi za nje waliwekewa herufi moja. Na uhusiano haukuandikwa kabisa. Mwanamume wa miaka 40, mwanamke wa miaka 40 na mtoto wa miaka 2 chini ya paa moja wanaweza kuwa mke na mume na mtoto wao. Wanaweza pia kuwa kaka, dada na mtoto wa dada mwingine aliyefariki. Daftari halisemi.

Kuanzia 1851 mambo yalibadilika. Fomu iliuliza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya, kama ameoa, ameolewa au amefiwa, umri wake kamili, kazi yake, na parokia na kaunti alikozaliwa. Hilo la parokia ndilo hazina, kwa sababu linamwelekeza mtafiti kwenye kanisa ambako ubatizo uliandikwa. Lakini hata hapo uhusiano unaotajwa ni wa mkuu wa kaya. Mtoto anayeitwa wa mwenye nyumba si lazima awe wa mke aliyetajwa juu yake, kwani vifo vya uzazi vilikuwa vingi na wajane wa kike na wa kiume walioa na kuolewa upesi. Pengo la miaka sita kati ya mtoto wa tatu na wa nne, pamoja na mke aliye na miaka michache mno kumpita mtoto wa kwanza, ni dalili ya ndoa ya pili.

Majina nayo yaliandikwa kama karani alivyosikia. Karl Marx, aliyekuwa akiishi Dean Street, Soho, mwaka 1851, aliandikwa na karani wa sensa kwa jina la Charles Mark. Kama msomi mwenye digrii ya udaktari alipatwa na hayo katikati ya London, hakuna sababu ya kutegemea kwamba jina la mhamiaji wa Ireland asiyejua kusoma litakuwa sahihi. Anayetafuta kwa kompyuta ajaribu tahajia zote, kisha aache jina la ukoo kabisa na atafute kwa jina la kwanza, umri na parokia ya kuzaliwa. Mara nyingi familia iliyopotea hupatikana hivyo, kupitia mtoto mwenye jina lisilo la kawaida.

Kazi za wanawake ni eneo jingine la ukimya. Mke aliyefua nguo za watu, aliyeshona au aliyefanya kazi shambani wakati wa mavuno mara nyingi aliachiwa nafasi tupu katika safu ya kazi. Nafasi hiyo tupu isichukuliwe kuwa ushahidi kwamba hakufanya kazi.

Madaftari haya yamehifadhiwa kwenye Hifadhi ya Taifa iliyoko Kew, London, kwa namba zinazofaa kukaririwa: HO 107 kwa 1841 na 1851, RG 9 kwa 1861, RG 10 kwa 1871, RG 11 kwa 1881, RG 12 kwa 1891, RG 13 kwa 1901 na RG 14 kwa 1911. Namba kamili, pamoja na ya jalada, karatasi na ukurasa, iandikwe kila mara pembeni ya jina, kwani bila hiyo hakuna atakayeweza kuhakikisha. Sensa hufungwa kwa miaka 100. Ile ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Ya 1931 iliungua yote katika moto wa mwaka 1942, na 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Baada ya 1921, basi, hakuna nyingine itakayofunguliwa mpaka 1951 itimize karne yake.

Cheti cha ndoa

Sheria ya ndoa iliyoanza kutumika tarehe 25 Machi 1754 ililazimisha ndoa zote za Uingereza na Wales zifungwe katika kanisa la Anglikana, isipokuwa za Wayahudi na za Wakweka. Mkatoliki na Mbaptisti walilazimika kusimama mbele ya kasisi asiye wao. Hali hiyo iliisha mwaka 1837, ofisi za serikali na makanisa mengine yaliyosajiliwa yaliporuhusiwa kufungisha ndoa. Kwa mtafiti maana yake ni kwamba kabla ya 1837 ndoa karibu zote zimo katika daftari la parokia, hata za watu ambao watoto wao walibatizwa kwingine.

Fomu ya 1837 ilibaki karibu ileile mpaka karne ya 21. Ina tarehe, majina mawili, umri, hali ya ndoa kabla ya siku hiyo, kazi, makazi, jina la baba wa kila mmoja na kazi yake, namna ndoa ilivyofungwa, kwa matangazo ya Jumapili tatu kanisani au kwa leseni, sahihi za maarusi na za mashahidi. Mama hawamo. Uingereza na Wales ziliyaingiza majina ya mama tarehe 4 Mei 2021, wakati Scotland, iliyoanza usajili wake tarehe 1 Januari 1855, iliwaandika mama pamoja na majina yao ya kabla ya kuolewa tangu siku ya kwanza. Nusu ya kila ukoo wa Kiingereza ilifichwa na uamuzi huo wa kuwaacha mama kwa zaidi ya miaka 180, na hakuna namna ya kuueleza isipokuwa kwamba sheria iliona urithi unapita kwa baba.

Kila safu ya cheti ina mtego wake.

Katika safu ya umri, makasisi wengi waliandika tu kwamba mtu ni mtu mzima, yaani ametimiza miaka 21. Msichana wa miaka 19 asiye na ridhaa ya baba yake aliweza kujiongezea miaka miwili, na mjane wa miaka 41 anayeolewa na kijana wa 30 aliweza kujipunguzia. Umri wa sensa ukitofautiana na wa cheti, wa utotoni, ulioandikwa na wazazi, ndio wa kuaminiwa zaidi.

Makazi ya bwana na bibi harusi mara nyingi ni anwani moja. Wengine walikuwa wakiishi pamoja kweli. Wengine walipanga chumba kwa majuma machache, au hata waliacha begi tu, ili watangazwe katika parokia moja na kulipa ada moja.

Safu ya baba ndiyo yenye thamani na hatari kubwa kuliko zote. Mwana wa nje ya ndoa alikuwa na njia tatu: kuiacha wazi, ambako msajili alipiga mstari, kumtaja babu yake mzaa mama, au kubuni baba na kumpa kazi ya heshima. Wengi walichagua ya pili au ya tatu, kwa kuwa mkwe na mashahidi walikuwa wamesimama pale. Baba mwenye jina linalolingana mno na la mwana, ambaye haonekani katika sensa hata moja, anapaswa kutiliwa shaka. Na baba ambaye hakuandikwa marehemu si lazima awe hai, kwani makasisi wengi hawakuuliza.

Hali ya ndoa nayo haikusemwa kweli kila mara. Mpaka Sheria ya Talaka ilipoanza kufanya kazi mwaka 1858, kuachana kihalali na kuoa tena kulihitaji sheria maalumu ya Bunge, jambo la matajiri wachache. Mfanyakazi aliyetengana na mkewe alihamia mji mwingine na kujiita mseja au mgane. Vilevile mwanamume hakuruhusiwa kumwoa dada wa mke wake aliyefariki mpaka 1907, ingawa dada huyo ndiye aliyekuwa akiwalea watoto. Maarusi wa namna hiyo walikwenda kufunga ndoa mahali wasikojulikana, au waliishi pamoja bila cheti, na sensa ikawaandika kuwa mke na mume. Ndoa inapokosekana katika faharasa zote, moja ya sababu hizi huwa karibu.

Sahihi na mashahidi husomwa na wachache, na wasiozisoma hupoteza mengi. Mwaka 1840 karibu theluthi ya wanaume na nusu ya wanawake waliofunga ndoa Uingereza na Wales walitia alama ya msalaba badala ya jina. Kufikia mwisho wa karne waliobaki hawajui kuandika walikuwa wachache sana. Msalaba wa bibi harusi wa 1841 na sahihi nzuri ya binti yake ya 1868 vinaeleza habari ya shule ambayo hakuna kumbukumbu nyingine ya familia hiyo itakayoieleza. Shahidi aweza kuwa dada aliyeolewa, na jina lake jipya la ukoo humfungulia mtafiti nyumba nyingine nzima. Lakini kabla ya kumpa shahidi undugu, kurasa za jirani zitazamwe: jina likijirudia katika kila ndoa, huyo ni mtumishi wa kanisa.

Jambo la mwisho kuhusu cheti ni mwandiko. Kanisa liliandika madaftari mawili yanayofanana na kubaki na moja. Kila robo mwaka kasisi alinakili ndoa za miezi mitatu na kuzipeleka kwa msajili, naye akazipeleka London. Cheti kinachonunuliwa kutoka ofisi kuu ya usajili ni nakala, na sahihi zilizomo ni mwandiko wa mnakili. Anayetaka alama iliyotoka mkononi mwa mhenga wake atafute picha ya daftari la kanisa lenyewe.

Kuziunganisha

Mfano wa kubuni unaonyesha utaratibu. Katika sensa ya 1881 mjini Leeds yumo mjane wa miaka 52, mshonaji, aliyezaliwa katika kijiji kimoja cha Lincolnshire, anayeishi na mwanawe wa miaka 24. Kijana huyo alizaliwa kati ya Aprili 1856 na Aprili 1857. Cheti chake cha kuzaliwa kinataja jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa, na kuanzia hapo ndoa inaweza kutafutwa.

Faharasa za ndoa zimepangwa kwa robo za mwaka, zinazoitwa Machi, Juni, Septemba na Desemba kwa mwezi wa mwisho wa kila robo. Kila jina lina wilaya ya usajili, namba ya juzuu na ukurasa. Mpaka 1912 faharasa haikumtaja mwenzi, kwa hiyo mtafiti hutafuta jina la mume na la mke kila moja peke yake na kuona kama wilaya, juzuu na ukurasa vinalingana. Vikilingana, bado si uthibitisho, kwa kuwa ukurasa mmoja ulikuwa na ndoa zaidi ya moja. Utafutaji uanze miaka kadhaa kabla ya mtoto wa kwanza na uendelee hata baada yake. Bibi harusi mwenye mimba alikuwa jambo la kawaida katika karne ya 19, na ndoa ilizoeleka kufungwa katika parokia ya bibi harusi, ambayo yaweza kuwa mbali sana na mji walikoishi baadaye.

Cheti kikipatikana kinasema baba wa bibi harusi alikuwa mhunzi. Sasa sensa ya 1851 inarudiwa: yupo mtumishi wa ndani wa miaka 22 mjini Hull, jina lake, kijiji kilekile cha Lincolnshire. Katika 1841 yupo mtoto wa miaka 12 nyumbani kwa mhunzi katika kijiji hicho. Rejista ya parokia inataja ubatizo wa 1829, na hapo, baada ya safari yote hiyo, jina la kwanza la mama yake linaonekana.

Mtu mwenye haraka angesimama hapo. Mwenye uangalifu anauliza kama kijiji kilikuwa na msichana mwingine wa jina hilo. Akimkuta, binti wa mkulima, aliyebatizwa 1828, anamfuatilia huyo naye mpaka ajue aliishia wapi: kama alifariki utotoni, kama aliolewa kijijini, kama 1881 anaonekana kwingine. Kazi ya kumwondoa asiyehusika ndiyo inayompa anayehusika haki yake. Katika Wales, ambako akina Jones, Davies na Williams wanajaza kurasa, bila kazi hiyo hakuna nasaba inayoweza kuaminiwa.

Mtoto wa Denbigh

Mtu mmoja wa Wales ambaye Afrika Mashariki inamjua vizuri anaonyesha nguvu na upungufu wa nyaraka hizi kwa pamoja. Henry Morton Stanley, aliyemkuta David Livingstone Ujiji mwaka 1871, aliwaambia watu kwa miaka mingi kwamba yeye ni Mmarekani. Rejista ya ubatizo ya kanisa la St Hilary mjini Denbigh, kaskazini ya Wales, inasema vingine. Alizaliwa tarehe 28 Januari 1841, akaandikwa John Rowlands, mtoto wa nje ya ndoa wa Elizabeth Parry na mwanamume aliyeitwa pia John Rowlands. Alilelewa na babu yake mzaa mama. Babu alipofariki mwaka 1846, mtoto akapelekwa kwa walezi wa kulipwa, na mwaka 1847 katika jumba la maskini la St Asaph, alikokaa mpaka 1856.

Akitafutwa katika sensa, maisha yake yana mianya ya kutisha. Usiku wa 6 Juni 1841 alikuwa mtoto wa miezi minne. Tarehe 30 Machi 1851 alikuwa mkazi wa jumba la maskini. Mwaka 1861 alikuwa Arkansas, karibu kuingia katika jeshi la majimbo ya Kusini kwa jina la Stanley. Tarehe 2 Aprili 1871 hakuwemo Uingereza wala Marekani: alikuwa ndiyo kwanza ameondoka Bagamoyo na msafara wake kuelekea Unyanyembe. Mwaka 1881 alikuwa Kongo akimtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na mapema Aprili 1891 alikuwa akimalizia ziara ya mihadhara Marekani. Mpaka sensa ya 1901, akiwa na cheo cha Sir na miaka 60, ndipo nchi ilipomkuta tena nyumbani. Ndoa yake, iliyofungwa Westminster Abbey tarehe 12 Julai 1890 na Dorothy Tennant, ni ya Stanley. Anayetafuta ndoa ya John Rowlands wa Denbigh hatamgundua kamwe katika faharasa.

Kitabu cha maisha yake, kilichochapishwa na mjane wake mwaka 1909, kinasimulia kwamba mfanyabiashara wa New Orleans, Henry Hope Stanley, alimchukua kuwa mwanawe na kumpa jina, kisha akafariki mwaka 1861. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba mfanyabiashara huyo aliishi mpaka 1878. Tim Jeal, katika wasifu aliouchapisha mwaka 2007, alikata kauli kwamba hakuna kulea kokote kulikotokea. Mtoto aliyetelekezwa alijitafutia baba, akamwandika kitabuni, kisha akamuua katika simulizi ili asiulizwe. Hilo ni la kuhuzunisha kuliko kuchekesha, na ndilo hasa lililofanywa na maelfu ya watu wasiojulikana katika safu ya baba ya cheti cha ndoa. Nyaraka ziliutegua uongo huo kwa kuwa kulikuwa na ubatizo, jumba la maskini na tarehe ya kifo vilivyoandikwa na watu tofauti, kila mmoja bila kujua habari ya mwenzake. Makubaliano ya mashahidi wasiojuana ndiyo uthibitisho bora katika kazi hii.

Waliohesabiwa bila majina

Nchini Marekani, utafiti wa ukoo wa Waafrika waliotumikishwa utumwani unagonga ukuta mwaka 1870. Sensa za 1850 na 1860 zilikuwa na orodha maalumu za watumwa: jina la bwana, kisha umri, jinsia na rangi ya kila mtu wake, bila jina. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika wote kwa majina kama raia. Ndoa zao kabla ya uhuru hazikutambuliwa na sheria, ingawa wao wenyewe waliziheshimu. Mwaka 1866 North Carolina iliwataka waliokuwa watumwa wafike mbele ya maofisa wa kaunti kusajili ndoa hizo na kutaja muda walioishi pamoja, na maofisa wa serikali kuu walioshughulikia walioachiwa huru walifanya hivyo pia katika majimbo mengine. Karatasi ya namna hiyo inayosema mke na mume wameishi pamoja miaka 20 inamrudisha mtafiti hadi 1846, ndani ya giza lenyewe. Ndoa hapa imefanya kazi ambayo sensa ilikataa kuifanya.

Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na sensa ya majina katika karne ya 19. Tanganyika ilihesabiwa 1921 na 1931, na sensa ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanganyika ilifanyika 1948, lakini hizo zilikuwa za idadi. Kwa mhenga wa wakati wa Sultani Barghash wa Zanzibar, ndoa na ubatizo ndizo njia. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 walianzisha kijiji cha watu waliokombolewa, wakawafungisha ndoa na kuwapa viwanja. Wamisionari Waanglikana wa UMCA, walioingia Unguja mwaka 1864, walifanya vivyo hivyo Mbweni, na Waanglikana wenzao wa CMS walijenga Freretown karibu na Mombasa kuanzia 1874. Madaftari ya Kikatoliki yaliandikwa Kilatini, kwa hiyo Yohana huonekana kama Joannes, na jina la zamani la mtu, la Kiyao au la Kinyasa, huweza kuwa limeandikwa mara moja tu, siku ya ubatizo.

Ndoa za Waislamu zilifungwa kwa shehe au kadhi mbele ya mashahidi, mara nyingi bila karatasi. Kenya ilianza kuzisajili kwa sheria ya mwaka 1906. Kwa za nyuma zaidi kilichobaki ni hati za mahakama za kadhi zinazohusu mirathi, mashamba na wakfu, ambamo wake, waume na watoto hutajwa kwa nasaba zao. Wengi wa waliokuwa watumwa Unguja waliopata uhuru kwa amri ya tarehe 6 Aprili 1897 walipitia mahakamani, na kumbukumbu za enzi hiyo zinatunzwa katika Nyaraka za Taifa Zanzibar, Kilimani.

Kabla ya kwenda huko, aulizwe mzee aliye hai: bibi aliolewa na nani, wapi, nani alikuwa walii wake, mashahidi walikuwa akina nani, na mtoto wa kwanza alizaliwa kabla au baada ya tukio gani linalojulikana. Majibu yaandikwe siku hiyohiyo, pamoja na jina la aliyesema na tarehe aliyosema, kwa uangalifu uleule unaopewa namba ya RG 11. Anayeijua familia yake kwa kusikia tu aanze kazi hiyo na wazee alionao sasa, kabla hajatoa senti moja kununua cheti.